Kutoka Kitale Hadi Kidaka

Kwa muda wa miaka 31 mwalimu mmoja wa Kiswahili aliwafunza watoto wa Kitale hatua za ukuaji wa nazi, ilhali yeye mwenyewe hakuwa amewahi kusimama chini ya mnazi. Alizijua hatua hizo kwa mpangilio wake barabara: upunga, kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi. Aliziandika ubaoni kwa chaki na kando ya kila neno akachora tunda lililozidi kukua. Kila mwaka, alipofika kwenye neno la tatu, darasa liliangua kicheko, kwani hapana mtoto aliyetarajia kuusikia mji wake ukining'inia mtini. Mwalimu alikingojea kicheko hicho. Kilipotulia, alieleza kwamba jina la mji halina nasaba yoyote na mnazi. Ni sadfa ya matamshi tu. Kisha aliendelea na somo.

Watoto wale walikulia penye mikalitusi na mashamba ya mahindi yaliyotanda hadi miguuni pa Mlima Elgon. Bahari waliijua katika methali. Waliweza kukariri kwamba maji yakijaa hupwa, na kwamba chombo cha kuzama hakina usukani, na walipata alama zao kamili. Mwalimu naye hakuwazidi sana. Tofauti yake na wao ni kwamba yeye alitambua upungufu huo, ukamkaa moyoni kama mwiba usioonekana.

Alistaafu mwaka wa 2008. Mwaka wa 2024, alipokuwa na umri wa miaka 71, daktari alimweleza kuwa ana presha ya macho. Kwamba nuru iliyokwisha kupotea haitarudi, ila dawa ingeweza kuihifadhi iliyosalia. Mzee hakusema mengi. Jioni ile alimpigia simu binti yake, ambaye ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili mjini Bungoma, akamwomba jambo moja tu.

"Mama," alisema, kwani ndivyo alivyozoea kumwita tangu alipompa jina la nyanya yake, "kabla giza halijaingia, nataka kuuona mnazi."

Hivyo ndivyo safari ilivyopangwa, shule zilipofungwa mwezi wa Desemba.

Njia fupi ya kutoka Kitale kuelekea Nairobi hupitia Moi's Bridge na Eldoret. Mzee aliikataa. Alishika kwamba safari ya pwani haina budi kuanzia Bungoma, nyumbani kwao. Basi binti alimpitia kwa gari lake kuukuu, wakateremka kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, na hapo mzee akaomba wasimame chini ya kilima cha Chetambe, karibu na mahali alipozaliwa.

Kila Mbukusu huijua habari ya kilima kile. Hapo ndipo, mwaka wa 1895, Wabukusu walipojihami ndani ya boma lao wakipambana na jeshi lililoongozwa na Mwingereza Charles Hobley, likiwa na askari wa Kisudani pamoja na wapiganaji wa Buganda na Wanga. Bunduki zilishinda mikuki, na watu wengi waliuawa. Boma la namna hiyo, lenye ukuta wa udongo na handaki kulizunguka, Wabukusu huliita lukoba. Ukuta wa udongo hauna maisha marefu. Mzee alitazama kilima kwa muda, macho yake yakiwa yamebanwa.

"Tunakwenda kuyatazama magofu ya wenzetu," alisema. "Si vyema kuyapita yetu bila kuyaamkia."

Binti aliyasikia maneno hayo kama adabu ya kizee tu. Mawazo yake yalikuwa kwenye mkoba uliokuwa kiti cha nyuma, wenye insha 42 za kidato cha pili alizokuwa hajamaliza kusahihisha. Usiku uliotangulia alikuwa amekutana na sentensi ya mwanafunzi mmoja mgeni, aliyehamia shuleni mwao muhula huo wa tatu. Mtoto yule aliandika kwamba alitembea mchana kutwa juani akiwa na nyota kali. Binti alicheka peke yake, akalizungushia neno lile wino mwekundu, na pambizoni akaandika: "Nyota mchana?" Aliona kwamba ingefaa kuwasomea wenzake darasani wafurahi kidogo.

Walilala Bungoma. Siku ya pili walishika barabara kuu kupitia Turbo na Eldoret, wakapanda hadi kwenye baridi ya Timboroa, wakauvuka mstari wa ikweta, wakateremka Nakuru na kufika Nairobi jioni. Siku ya tatu waliianza njia ya Mombasa, kiasi cha kilomita 480, wakiandamana na reli mpya iliyofunguliwa mwaka wa 2017. Nchi ilizidi kushuka na hewa ikazidi kuwa nzito. Penye ardhi nyekundu ya Tsavo mzee alieleza kwamba misafara ya biashara ilizipita nyika hizi kwa miguu katika karne ya 19, kutoka Mombasa na Pangani hadi kwa Mumia, mji ambao leo ni Mumias, si mbali na Bungoma. Misafara hiyo ilifuata pembe za ndovu, na mingine ilifuata watu. Kule Kitale husimuliwa kwamba mahali palipojengwa klabu ya walowezi palikuwa na duara la mawe walimokusanywa mateka.

"Kiswahili kilifika kwetu kikiwa na vumbi miguuni," alisema mzee. "Na mikono yake haikuwa safi siku zote."

"Na bado ukakifundisha maisha yako yote, Baba."

"Nilikifundisha kwa sababu kilikaa. Mgeni akikaa vya kutosha hupewa jembe, akalima, akawa wa nyumbani."

Walipofika Mombasa usiku ulikuwa umeingia, hivyo mzee hakuiona bahari, aliisikia tu. Asubuhi yake walivuka daraja la Nyali, wakashika njia ya kaskazini. Ukanda huo wa pwani, kutoka Mombasa hadi Malindi, una urefu wa kilomita 120 hivi, na yeyote anayeusafiri hupita kati ya mambo mawili: upande mmoja fukwe za mchanga mweupe na hoteli zake, upande wa pili, vichakani, miji ya mawe iliyohamwa karne kadhaa zilizopita.

Mji wa kwanza waliouzuru ulikuwa Jumba la Mtwana, baada tu ya kuvuka daraja la Mtwapa. Ulistawi katika karne ya 14, na kilichosalia ni misikiti, nyumba na makaburi yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa, katikati ya mibuyu. Mzee aliwahi kulifundisha neno mtwana mara nyingi, likiandamana na mjakazi, katika somo la jinsia: huyu mtumwa wa kiume, yule wa kike. Sasa alisimama mbele ya nyumba yenye kulibeba neno hilo, akakaa kimya. Alikumbuka lile duara la mawe la Kitale. Ncha mbili za njia moja, alimwambia binti yake, na yeye alikuwa amezifundisha kama maneno mawili ya kukariri.

Msikiti mmoja wa mji huo umejengwa ukingoni kabisa mwa bahari. Nyuma yake upo ufuo. Hapo ndipo mzee alipoiona bahari kwa mara ya kwanza, ikiwa na rangi ambayo hakuwa na jina lake. Alivua viatu akavishika mkononi, akaingia majini hadi kwenye vifundo vya miguu, akainama, akachota maji kwa kiganja na kuyaonja. Akatema.

"Ni chumvi kweli," alisema.

Binti alicheka hata machozi yakamtoka. Mzee hakucheka. Miaka 31 alikuwa amelisema jambo hilo mbele ya watu kwa dhamana ya vitabu tu, na sasa alikuwa na ushahidi wake mwenyewe.

Walipofika Kikambala walisimama kando ya barabara penye kijana aliyekuwa akiuza madafu chini ya minazi. Kijana aliinuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwatoka wapi?"

"Twatoka Kitale," alijibu mzee, na bila kujua alikuwa amekwisha kuufuata mwendo wa usemi wa mwenyeji wake.

"Kitale!" Kijana aliangua kicheko. "Basi hamjawa dafu bado!"

Waliokuwa wameketi pale kivulini wote walicheka. Ulikuwa mzaha wa kirafiki na mzee aliuelewa mara moja. Ulikuwa, kwa kweli, mzaha wake mwenyewe, ule aliouishi darasani miaka nenda miaka rudi. Hata hivyo alikuwa wa mwisho kucheka. Ndani ya mzaha ule alisikia hukumu aliyokuwa akiihofia tangu ujana wake: kwamba Kiswahili cha mtu wa bara, hata kikisomewa namna gani, ni tunda lisiloiva. Aliwahi kukaa katika semina za walimu akalimeza swali lake kwa kuwa mbele yake alisimama mzawa wa pwani. Wasomi wengi wa bara watalitambua jambo hilo, japo ni wachache wanaolikiri.

Kijana alilikata dafu kwa panga, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Kunywa, mzee. Hili litakuondoa nyota. Jua la leo si mchezo."

Binti, aliyekuwa akitafuta pesa mkobani, aliinua kichwa.

"Litamwondoa nini?"

"Nyota, dada. Nyinyi mwasema kiu."

Binti hakuongeza neno. Alilipokea dafu lake akanywa, na aliyemtazama angedhani kwamba ni utamu wa maji yale uliomnyamazisha.

Mzee alipomaliza kunywa, alimwomba kijana amwonyeshe hatua zote za nazi, moja baada ya nyingine. Kijana alifurahi, si kila siku msafiri huuliza swali kama hilo. Alimwonyesha koroma, akamwonyesha nazi kavu, akaitikisa maji yakasikika ndani. Kisha aliinama akaokota kitu kidogo mchangani, cha kijani kibichi, kama yai dogo la kuku.

"Hiki ni kidaka. Vimejaa hapa chini ya miguu yako. Mnazi hufanya vidaka vingi, mzee, lakini si vyote vikaavyo. Pepo zikivuma vyapukutika."

Mzee alikigeuzageuza kiganjani kwa muda mrefu kupita ilivyohitajika.

"Na kitale?"

"Kitale ni kile kule juu, chini ya kuti lile lililoinama."

Mzee alitazama juu. Mwanga wa anga ulimwumiza macho, na makuti yote yakawa kivuli kimoja.

"Sikioni. Hebu panda ukaniangulie kimoja, nitakulipa."

Kijana, ambaye alikuwa mkwezi mwenye miguu myepesi na bila shaka alihitaji pesa, alitikisa kichwa.

"Kitale hakianguliwi, mzee. Chaachwa kiwe."

Basi binti alisimama kando ya baba yake, akamweleza: kina ukubwa kama wa ngumi mbili, ni kijani, kiko katikati ya vingine vitano, hakijainama. Mzee alisikiliza akiwa ameelekeza uso juu. Kile kidaka kilichookotwa mchangani alikitia mfukoni mwa koti.

Walipita mashamba ya mkonge ya Vipingo, wakasimama Mnarani, penye misikiti ya kale na kaburi la mnara juu ya mkono wa bahari wa Kilifi, kisha wakavuka daraja na kuufuata msitu wa Arabuko-Sokoke. Alasiri ilikuwa imekwisha kuegemea walipofika Gede.

Msomaji ambaye hajafika Gede na ajitahidi kuuwazia mji mzima ndani ya msitu. Mbuyu umesimama penye njia ya watu, mizizi imeteremka juu ya kuta, na kima huketi mahali palipoketi wazee. Wataalamu hukadiria kwamba mji ulianza katika karne ya 12, ukafikia upeo wa ustawi wake katika karne ya 15, ukahamwa mapema katika karne ya 17. Ulizungukwa na kuta. Ulikuwa na msikiti mkuu, jumba la kifalme, visima, na kaburi lililochongwa mwaka wa Hijria 802, yaani 1399. Serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa mahali pa historia mwaka wa 1927, na kuanzia mwaka wa 1948 James Kirkman aliufukua kwa takriban miaka kumi, akapata vyombo vya kauri za China na shanga za mbali. Mwezi wa Julai mwaka wa 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ajabu ni kwamba Wareno, waliokaa Malindi kwa karibu karne nzima, umbali wa kilomita 15 hivi tu, hawakuuandika popote mji huu kwa jina lake. Hata jina Gede ni la baadaye, na husemwa kuwa limetoka katika lugha ya Waoromo.

Kijana aliyewaongoza magofuni aliyaeleza hayo yote kwa ufasaha. Alitaja pia sababu zinazodhaniwa kuwa ziliwaondosha wenyeji: vita vilivyolitikisa eneo lile, na maji yaliyozidi kushuka visimani. Binti alimwuliza swali ambalo wageni wengi huuliza.

"Na watu wenyewe, walikwenda wapi?"

Swali hilo huulizwa pia upande wa pili wa dunia. Kwenye pwani ya Karibi nchini Meksiko upo mji wa Tulum, uliojengwa na Wamaya juu ya jabali linaloitazama bahari. Nao ulikuwa na ukuta pande tatu, upande wa nne ukilindwa na bahari. Nao ulistawi kwa biashara ya majini katika karne zile zile ambazo Gede ilistawi, ingawa hakuna kati ya miji hiyo uliojua kuwapo kwa mwenzake. Watalii husafiri kutoka ufuo hadi ufuo, wakifika magofuni huuliza Wamaya walitoweka vipi. Ilhali Wamaya wapo. Katika rasi ya Yucatán lugha yao husemwa na mamia ya maelfu ya watu hadi leo. Kilichobomoka ni nyumba.

Kijana alikuwa akitafuta jibu, lakini mzee alimtangulia.

"Mama, umeuliza kwa lugha gani?"

"Kwa Kiswahili, Baba."

"Basi usiulize walikokwenda. Wewe umetoka Bungoma, na huyu ndugu yetu amezaliwa hapa, nanyi mnaelewana mbele ya nyumba yao. Kuta zimebaki hapa. Maneno yalitoka langoni yakaenda zake, mengine yakafika hadi kwetu Chetambe."

Waliingia ndani ya jumba la kifalme. Vyumba vyake ni vidogo kuliko mtu anavyotarajia, na mwanga wa jioni ulikuwa umepungua. Mzee alitembea huku akiupapasa ukuta kwa mkono wa kulia. Mkono ule ulifika mahali ukazama. Palikuwa na shimo dogo la mraba, lililojengwa kwa ustadi, kina chake kama urefu wa kiganja.

"Hapo paliwekwa taa," alisema kijana. "Ni kidaka. Ukifika Lamu katika nyumba za karne ya 18 utavikuta vimepangwa safu kwa safu ukuta mzima, nao huviita zidaka. Huweka vyombo vya kauri, vitabu, na kila kilicho cha thamani."

Mzee hakuutoa mkono wake. Alisimama hivyo hata binti akadhani ameshikwa na kizunguzungu, akamsogelea.

"Mwaka wa 1986," mzee alisema, "alikuja darasani mwangu mtoto aliyetoka huku. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, akahamishiwa Kitale. Mtoto mwenyewe alikuwa mkimya. Niliwapa insha kuhusu nyumbani, naye akaandika kwamba nyanya yake alikiweka kitabu chake ndani ya kidaka."

Binti alianza kuelewa, akatamani asingelielewa.

"Mimi kidaka nilikijua kimoja tu. Nilikuwa nimekichora ubaoni wiki iliyotangulia. Nikamwita mbele, nikamwambia awasomee wenzake sentensi ile. Nikawauliza darasa: kitabu chaingiaje ndani ya nazi changa? Walicheka, mama. Na mimi nilicheka. Mtoto akasema, 'Mwalimu, kidaka ni cha ukutani.' Nikamwambia arudi akaketi, ajifunze Kiswahili."

Kima alipita juu ya ukuta. Kijana mwongozaji aliinamisha kichwa, kama mtu aliyejikuta katika mazungumzo ya familia isiyokuwa yake.

"Baadaye nilinunua *Kamusi ya Kiswahili Sanifu*. Siku moja nikawa nafungua kurasa zake tu, nikakikuta. Wakati huo baba yake alikuwa amekwisha kuhamishwa tena. Tangu siku ile ya insha hadi alipoondoka, mtoto yule hakuinua mkono darasani. Alikuwa amekuja na Kiswahili cha nyumba yao, nami nikamfundisha kwamba si Kiswahili. Mimi! Niliyeogopa maisha yangu yote nisije nikaambiwa hivyo hivyo."

Aliingiza mkono wa pili mfukoni, akakitoa kile kidaka cha mnazi, akakiweka ndani ya kidaka cha ukuta. Kilikaa barabara. Kwa muda wa dakika kadhaa maana mbili za neno moja zilikuwa mahali pamoja, na watu watatu wakizitazama.

Hatimaye kijana alikohoa kidogo. "Samahani, mzee. Haturuhusu kitu kuachwa magofuni."

"Una haki," alisema mzee, akakirudisha mfukoni.

Usiku ule walilala Malindi. Mzee alilala mapema kwa uchovu wa njia. Binti aliketi barazani, mahali ambapo mawimbi yalisikika, akaufungua mkoba wa insha. Aliitafuta ile ya mwanafunzi mgeni. Wino mwekundu haufutiki. Alijaribu kwa kifutio akaichubua karatasi. Mwisho aliukata kwa mstari ule mduara wake mwenyewe pamoja na swali alilokuwa ameliandika, akairudisha alama aliyoiondoa, na chini yake akaandika: "Neno hili ni sahihi. Mwalimu hakulijua. Tafadhali uwaeleze wenzako darasani." Kisha alikaa kwa muda akitazama juu, ambako nyota za aina nyingine zilikuwa zimejaa anga.

Hapana anayeweza kudai kwamba safari moja huondoa mashaka ya miaka mingi. Wanafunzi wa Kiswahili kutoka Bungoma, Kitale na kwingineko bara wataendelea kuulizwa Kiswahili wamekipata wapi, na watoto wa pwani waliohamia bara wataendelea kukutana na kalamu nyekundu za walimu wenye kitabu kimoja. Lugha sanifu ni ya lazima. Bila hiyo mtihani hausahihishwi wala gazeti halisomeki toka Lamu hadi Busia. Lakini usanifu ulijengwa kwa kuchagua, na kilichoachwa nje ya uchaguzi hakikugeuka kuwa kosa. Kiliendelea kuwamo majumbani mwa watu, ndani ya vidaka vyao.

Mzee alirudi Kitale kabla ya Krismasi. Kile kidaka kilikauka kikawa cheusi, kikasinyaa, naye akakiweka dirishani karibu na dawa zake za macho. Mwezi wa Januari, siku ya pili baada ya shule kufunguliwa, alimpigia binti yake simu Bungoma wakati wa mapumziko ya saa nne.

"Umewarudishia insha zao?"

"Nimewarudishia, Baba."

"Na yule mgeni? Alieleza?"

"Mwanzoni alikataa kusimama. Nikawaambia mimi ndiye niliyekosea. Ndipo akaeleza."

Simu ilinyamaza kidogo.

"Walicheka?"

"Walicheka, Baba. Lakini si yeye waliyemcheka. Kisha mmoja akamwuliza, kama nyota ni kiu, je, zile za angani mwaziitaje? Akasema ni nyota vilevile. Basi ikawa kelele tupu, kila mtu ana neno la kwao analotaka kulileta. Kengele imelia hatujamaliza."

"Vyema," alisema mzee. "Kesho waendelee."